Barua ya Msomaji, Mbegu ya Hadithi

Majuma machache yaliyopita mletabarua alituletea bahasha ndogo, iliyofungwa kwa gundi ya unga wa muhogo. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyopasuliwa kutoka daftari la shule. Maandishi yalikuwa safi, na mistari imenyooka. Aliyeandika ni msichana wa darasa la sita. Hatutataja jina lake wala mahali akaapo. Sababu mtaiona wenyewe. Alituandikia hivi:

«Mwaka huu nimesoma katika gazeti hadithi nne zenye mwanamke mzee ndani yake. Katika hadithi tatu, mwanamke huyo ni mchawi. Katika ya nne, ni mwizi wa kuku. Mimi nalelewa na nyanya yangu. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa jiko, na mgongo wake umepinda kwa sababu ya kulima. Ninyi mlimwandika mchawi wenu vivyo hivyo, macho mekundu na mgongo uliopinda. Tangu hadithi ile kutoka, watoto wa jirani humwita nyanya kwa jina la mchawi wa gazeti, na jioni hutupa mawe juu ya bati letu. Nyanya hajui kusoma. Ameniuliza jina hilo limetoka wapi, nami sikumwambia. Naomba kuwauliza: je, ninyi mwamjua mwanamke mzee ye yote?»

Yatupasa kuungama ukweli. Tulipoisoma barua hiyo mara ya kwanza, hatukufurahi. Tulisema moyoni: «Hadithi ni hadithi. Mtoto huyu hajajua bado namna ya kusoma. Sisi hatukumtaja nyanya yake, wala hatupati kumwona.» Tukaiweka barua chini ya rundo la karatasi, tukaendelea na kazi. Lakini lile swali la mwisho halikukubali kukaa chini ya rundo. Lilitufuata nyumbani, likaketi nasi mezani. Usiku tukayatoa magazeti ya mwaka mzima, tukahesabu. Mtoto alikuwa amehesabu sawasawa.

Na angalieni, wasomaji wapenzi: msichana yule hakututukana, wala hakutisha kwamba nyumba yao haitanunua tena gazeti. Aliuliza tu. Swali lake likatukumbusha barua nyingine, iliyoandikwa mwaka 1863 katika mji wa London na mwanamke mmoja, kwa mtunzi aliyesifiwa kuliko watunzi wote wa Uingereza siku zile. Kabla ya kumjibu msichana wetu, twapenda kuwasimulieni habari hiyo. Yaonyesha vema jinsi barua ya msomaji iwezavyo kuzaa hadithi mpya, tena yaonyesha kwamba kuzaa huko hakukosi uchungu.

MTUNZI NA WASOMAJI WAKE

Charles Dickens alizaliwa mwaka 1812 katika mji wa Portsmouth, penye bandari. Baba yake alikuwa karani, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake. Mwaka 1824 akafungwa gerezani kwa sababu ya madeni. Charles alikuwa na umri wa miaka 12. Badala ya kwenda shuleni alitumwa kazini, katika ghala la dawa ya viatu, akibandika karatasi za jina juu ya vikopo tangu asubuhi mpaka usiku. Mtoto aliyeonja unyonge namna ile hausahau. Alipokuwa mtunzi aliwatetea yatima, wafungwa, watumishi na watoto wa maskini, na watu wakampenda kwa ajili hiyo.

Hadithi zake hazikutoka kwanza kama kitabu kizima. Zilitoka kidogo kidogo, sehemu moja kila mwezi, au kila juma. Watu walikuwa wakisoma sehemu ya tano, naye mtunzi hajaandika bado ya saba. Desturi hiyo wasomaji wa magazeti waijua. Ina hatari yake: sehemu ikiisha kupigwa chapa, mtunzi hawezi kuirudisha tena. Lakini ina uzuri wake pia. Kwa kuwa mwisho haujaandikwa, mlango u wazi, na msomaji aweza kuingia na neno lake kabla hadithi haijafungwa.

Kwa hiyo Dickens alipokea barua nyingi. Twachagua habari tatu tu, kwa sababu barua hizo ni za namna tatu, na mtunzi alizijibu kwa namna tatu.

WALE WALIOMWOMBEA NELL

Mwaka 1840 Dickens alianza hadithi iitwayo The Old Curiosity Shop, yaani duka la vitu vya kale. Ndani yake mna msichana mwema, jina lake Nell, anayemtunza babu yake. Mzee huyo amepotezwa na mchezo wa kamari. Wanapoteza duka na nyumba, wanazunguka nchini kwa miguu, mtoto akimwongoza mzee. Hadithi ilitoka kila juma, na ilipopata nguvu zilinunuliwa nakala zipatazo 100,000 kwa juma.

Kadiri hadithi ilivyosonga mbele, wasomaji waliona kwamba nguvu za Nell zapungua. Wakaingiwa na hofu, wakashika kalamu. Barua zikamiminika nyumbani kwa Dickens, zikimsihi amwonee huruma mtoto, asimwache afe.

Dickens hakukubali. Tusidhani kwamba alikuwa na moyo wa jiwe. Mwaka 1837 shemeji yake Mary, ndugu wa mke wake, alikuwa amekufa ghafula nyumbani kwake, naye alikuwa na umri wa miaka 17 tu. Kuandika mwisho wa Nell kulimfunulia Dickens kidonda kile upya, hata akawa anaahirisha kazi siku kwa siku. Lakini katika Januari 1841 aliimaliza hadithi, na Nell akafa. Wengi walilia, na wengine walikasirika.

Je, alitenda vema? Hata leo wasomaji hawapatani juu ya jambo hilo. Sisi twaona neno moja tu. Barua zile zilimwomba mtunzi abadili mwisho kwa ajili ya faraja ya wasomaji. Hakuna aliyemwambia kwamba amesema uwongo, wala kwamba amemdhulumu mtu. Walitaka wasilie. Haja ya namna hiyo mtunzi aweza kuisikiliza, lakini si deni juu yake. Watoto wafao wapo, na hadithi isiyothubutu kusema hivyo haimsaidii mama aliyefiwa.

JIRANI ALIYEJIONA KATIKA KIOO

Miaka minane ikapita. Katika 1849 Dickens alikuwa akitoa kila mwezi hadithi iitwayo David Copperfield. Katika sehemu ya Desemba aliingiza mwanamke mmoja, Bibi Mowcher, mfupi sana wa kimo kwa kasoro ya kuzaliwa. Kazi yake ni kuwatengeneza nywele na nyuso wakubwa. Huja na mfuko wake, hupanda juu ya meza, husema maneno mengi ya kuchekesha, na msomaji aona kwamba mwanamke huyu hakosi kuwa na hila. Mtunzi alikuwa amekusudia kumtia katika mambo mabaya yatakayofuata.

Basi, karibu na nyumba ya Dickens alikaa mwanamke wa kweli, Bibi Hill, naye alikuwa wa kimo kile kile. Alijipatia riziki kwa kutengeneza miguu na kucha za watu. Aliposoma sehemu ya Desemba alijitambua mara moja. Tena alijua kwamba wengine watamtambua: wale waliomkaribisha nyumbani mwao kwa kazi yake. Mtu anayeishi kwa kuaminiwa nyumbani mwa watu, akichorwa gazetini kuwa mwenye hila, amenyang'anywa chakula chake.

Alimwandikia Dickens. Alisema kwamba ameteseka siku nyingi kwa sababu ya mwili wake, lakini hajapata kuteswa na mtu mwenye kipaji kikubwa kama yeye. Akaweka na mwanasheria.

Dickens alijibu kwamba watu wa hadithi zake huchanganywa kutokana na watu wengi. Hata hivyo hakukana: aliungama kwamba kwa sehemu alikuwa amemfikiria yeye. Akaahidi kugeuza njia ya hadithi, ingawa kwa kufanya hivyo aliharibu mpango aliokwisha kuupanga. Ahadi aliitimiza. Katika sehemu ya Machi 1850, Bibi Mowcher arudi usiku, si wa kuchekesha tena, bali mwenye huzuni na hasira juu ya ubaya uliotendeka, kwa kuwa yeye mwenyewe alidanganywa. Amwonya kijana David asidhani kwamba upungufu wa mwili ni upungufu wa roho. Na kuelekea mwisho wa hadithi, ndiye asaidiaye kumkamata mhalifu mmoja.

Onyo lile la Bibi Mowcher ni miongoni mwa maneno mazuri ya kitabu kile. Lisingalikuwamo kama jirani mmoja asingaliandika barua.

BIBI DAVIS

Sasa twaja kwa barua ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote. Hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Dickens alipokuwa kijana, kati ya 1837 na 1839, alitoa hadithi ya Oliver Twist, mtoto yatima aangukaye katika mikono ya wezi mjini London. Mkubwa wa wezi ni mzee aitwaye Fagin. Huwafundisha watoto kuiba mifukoni mwa watu, huku mwenyewe akikaa salama nyumbani na kuhesabu mali. Fagin ni Myahudi. Na mtunzi hakuridhika kulisema jambo hilo mara moja. Katika sura 38 za kwanza alimwita «Myahudi» zaidi ya mara 250, na mara chache tu kwa jina lake. Wezi wengine wa hadithi ile karibu wote ni Wakristo kwa kuzaliwa, lakini hakuna hata mmoja aitwaye «Mkristo» kila afunguapo kinywa.

Tena kuna jambo la ajabu. Jina la Fagin Dickens alilitoa kwa kijana aliyefanya kazi naye katika ghala la dawa ya viatu, Bob Fagin. Kijana huyo hakuwa Myahudi, wala hakuwa mwizi. Siku moja Charles aliposhikwa na maumivu makali kazini, Bob ndiye aliyemtunza, akataka kumsindikiza mpaka nyumbani. Hivyo jina la mtu aliyemtendea wema likawa jina la mwovu. Kalamu ina uwezo wa kufanya hata hayo, na mwenye kuishika asahau.

Miaka ikapita zaidi ya 20. Wayahudi wa Uingereza walikuwa wachache, na kwa muda mrefu sheria ziliwafungia milango mingi. Hata katika baraza la kutunga sheria, Myahudi wa kwanza kuruhusiwa kuketi bila kuapa kwa kiapo cha Kikristo aliingia mwaka 1858. Sheria ilianza kulegea, lakini Fagin alikuwa bado anatembea. Kila mtoto wa Kiingereza aliyesoma kitabu kile alijua, au alidhani kwamba ajua, Myahudi ni mtu gani.

Mwaka 1860 Dickens aliiuza nyumba yake ya London. Mnunuzi alikuwa Bwana Davis, Myahudi. Kabla ya mapatano kwisha, Dickens alimsema vibaya katika barua kwa rafiki, akidhani atadanganywa. Hakudanganywa. Baadaye akaandika kwamba hakumbuki kupatana na mtu ye yote juu ya fedha kwa uaminifu na upole kama ule. Hapo macho yake yangaliweza kufunguka. Hayakufunguka. Tabia ya moyo ni hiyo: mtu mwema mmoja tukimwona, twasema yeye ni wa pekee, na mawazo yetu juu ya wenzake twayaacha yalivyo.

Mke wa Bwana Davis, jina lake Eliza, alikuwa msomaji. Katika Juni 1863 alimwandikia Dickens, akimwomba mchango kwa nyumba ya kupumzikia wagonjwa wanaopata nafuu, iliyokusudiwa kuwa ukumbusho wa Bibi Judith Montefiore, Myahudi aliyejulikana kwa kusaidia maskini. Ndani ya ombi hilo akaweka neno lake. Alimwambia kwa adabu kwamba yeye, anayewatetea wanyonge wa nchi nzima, amechochea chuki mbaya juu ya taifa linalodharauliwa. Mchango wake ungeweza kuwa kama malipo ya dhuluma ile.

Dickens alijibu katika Julai, akatuma fedha. Lakini juu ya Fagin alijitetea. Alisema kwamba siku za hadithi ile wahalifu wa namna ile kwa kawaida walikuwa Wayahudi. Kwamba waovu wengine wote wa kitabu ni Wakristo. Kwamba hana chuki na Wayahudi. Ni majibu ya mtu aliyeguswa. Nasi tuliyasoma kwa haya, maana yafanana sana na yale tuliyosema wenyewe tulipoiweka barua ya msichana wetu chini ya rundo.

Bibi Davis hakunyamaza, wala hakukasirika. Alimjibu tena, akamweleza jambo ambalo Dickens hakuliona: Wakristo wa kitabu kile ni wengi, wema kwa wabaya, nao waweza kulinganishwa, lakini Myahudi ni mmoja tu, na huyo mmoja amesimama kwa ajili ya wote. Tena alimwomba awatazame Wayahudi wa Uingereza kwa karibu, awaandike walivyo kweli.

HADITHI ILIYOZALIWA

Mwaka uliofuata, katika Mei 1864, Dickens alianza hadithi mpya, Our Mutual Friend. Humo aliingia mzee wa Kiyahudi, jina lake Riah. Watu wamwona mlangoni pa nyumba ya kukopesha fedha kwa riba, nao wamchukia, wakidhani kwamba ndiye awanyonyaye. Kumbe yeye ni mtumishi tu. Mwenye nyumba ile ni kijana Mkristo, Fledgeby, ajifichaye nyuma ya mzee. Ajua kwamba watu wako tayari kusadiki ubaya wo wote wa Myahudi, basi huvuna faida, na lawama humwachia mtumishi wake. Riah, kwa upande wake, ni rafiki wa wasichana wawili maskini, na mmoja akiwa hatarini amtafutia mahali pa kujificha na kazi ya halali.

Katika sehemu moja Riah aeleza kwa nini aliiacha kazi ile. Aona kwamba kwa kuinamisha kichwa amewainamisha Wayahudi wote pamoja naye. Watu wakimwona Mgiriki mbaya, asema, wajua kwamba Wagiriki wema wapo. Lakini kwa Wayahudi, aliye mbaya kuliko wote huhesabiwa kuwa mfano wa wote. Ndugu msomaji, hilo si neno la Dickens peke yake. Ni neno la Bibi Davis, lililopita katika kalamu ya Dickens na kutoka likiwa hadithi.

Bibi Davis alipoyasoma alimwandikia kumshukuru. Na kazi haikuishia hapo. Mwaka 1867 vitabu vya Dickens vilipigwa chapa upya. Alipokuwa akikisahihisha Oliver Twist, alilifuta neno «Myahudi» mahali pengi na kuweka jina la Fagin tu. Hata sura ya 52, ambayo kichwa chake kilitaja usiku wa mwisho wa Myahudi, ikapewa jina la Fagin. Mwaka ule ule Bibi Davis alimpelekea zawadi: Biblia ya Kiebrania na Kiingereza. Ndani yake aliandika maneno ya shukrani kwa mtu aliyekubali kurekebisha kosa mara alipolitambua.

MAMBO MAWILI YASIYOPENDEZA

Tungeweza kuishia hapa, na habari ingekuwa tamu. Lakini hatupendi kuwapeni asali bila nta. Mambo mawili yapasa kusemwa.

La kwanza: masahihisho ya 1867 hayakufika mahali pote. Sura 38 za mwanzo zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa herufi za chapa, na Dickens alisahihisha hasa zile zilizobaki. Watu wamezisoma zile za mwanzo mpaka leo, na Fagin ajulikana duniani kote, hali Riah ajulikana na wachache. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtunzi afikiri kabla.

La pili: waliochunguza vitabu vya Dickens husema mara nyingi kwamba Riah ni mwema mno. Hakasiriki, hakosei, hasemi neno la upuuzi. Fagin ni mbaya, lakini ana pumzi. Riah ni mzuri, lakini anuka karatasi. Mtunzi aliogopa kukosa tena, akageuza pepo kuwa malaika. Lakini Bibi Davis hakuomba malaika. Aliomba watu waandikwe walivyo. Kulipa deni kwa sanamu nzuri badala ya sanamu mbaya ni nusu ya malipo. Malipo kamili ni kumjua mtu.

TUJIFUNZE NINI?

Kwa sisi tuandikao, fundisho ni hili. Barua za wasomaji si za uzito mmoja. Mmoja asema: «Sikupenda mwisho.» Huyo asikilizwe kwa heshima, kisha mtunzi afuate njia yake. Mwingine asema: «Umenidhulumu.» Huyo haombi tamu ya hadithi, bali haki yake. Na jibu letu la kwanza kwa mtu huyo karibu kila mara litakuwa la kujitetea. Basi tusilitume jibu la kwanza. Tulilaze usiku mmoja.

Kwa ninyi wasomaji, na hasa ninyi wanafunzi, fundisho ni jingine. Msidhani kwamba mtunzi yuko juu mbinguni, na kwamba kazi yenu ni kusoma na kunyamaza. Mwenye kiatu ndiye ajuaye mahali kinapobana. Lakini angalieni jinsi Bibi Davis alivyoandika. Kwanza, alikuwa amesoma. Pili, alitaja kosa lenyewe, hakumwita mtunzi mtu mbaya. Tatu, alipojibiwa kwa ukali kidogo hakuvunja kalamu, alieleza tena. Nne, alipotendewa haki alirudi kushukuru. Wako wengi wajuao kulalamika, na wachache wajuao kurudi.

Na wewe mwalimu, siku ya zoezi la kutunga, waweza kuwapa watoto kazi hii: kila mmoja achague hadithi aliyoisoma, amwandikie mtunzi barua ya mistari kumi, aseme neno moja la kweli ambalo mtunzi hakulijua. Nusu ya darasa watakuta hawana neno. Nusu ya pili watakuwa wameanza kusoma.

JIBU LETU

Msichana wetu mpenzi, tumechelewa kukujibu. Swali lako lilikuwa: je, twamjua mwanamke mzee ye yote? Tulidhani twawajua wengi. Tulipoketi kumwandika mmoja, tukaona kwamba twajua mgongo wake na fimbo yake, hatujui alilofanya jana.

Basi tulikwenda kuketi. Si kwenu, maana hatukutaka kuwaongezea watoto wa jirani maneno. Tulikwenda kwa mama mmoja mzee wa mtaa wetu, ambaye kila siku twapita mbele ya mlango wake na kusema «Jambo, mama» bila kusimama. Safari hii tulisimama. Alikuwa akichambua maharage. Alitupa ungo, tukachambua pamoja. Tulijua kwamba alizaa watoto tisa na kuzika watano. Tulijua kwamba hawezi kuvumilia ugali laini, kwamba anadai franka za kuku wake kwa jirani tangu mwaka jana na hatazisamehe, na kwamba moshi ndio uliomharibu macho, kama nyanya yako. Alitusahihisha namna ya kushika ungo. Alitucheka pia. Tulipoondoka jua lilikuwa limekwisha kushuka, nasi hatukuwa tumeandika neno.

Hadithi itaanza kutoka katika gazeti lijalo. Ndani yake mna mwanamke mzee. Si mchawi. Wala si malaika: ana mdomo mkali, na ile habari ya kuku mtaiona. Ana jina, tena jina zuri, ambalo mtoto akimwitia mtu njiani halitamtia haya.

Twakuomba jambo moja. Gazeti likifika, msomee nyanya yako kwa sauti, polepole, pale jikoni. Akicheka, tuandikie ni mahali gani amecheka. Na akitikisa kichwa na kusema, «Hapana, sivyo tufanyavyo», basi tuandikie hayo kwanza. Sehemu ya tatu hatujaiandika bado.